Koti la Bobini

Siku mama alipoambiwa na daktari kwamba hakuna tena la kufanya, alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi kwenye cherehani na kuendelea na koti pale alipokuwa ameishia asubuhi. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni na mkoba wake mkononi. Sikujua niuweke wapi.

"Unanizibia mwanga," akasema.

Nikasogea.

Koti lilikuwa la Bobini, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Jina lake la cheti lilitumika shuleni tu. Nyumbani tulimwita Bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini ndani ya cherehani, kwa sababu utotoni alikuwa mviringo na hatulii. Alikulia chini ya cherehani ya mama, juu ya rundo la mabaki ya vitambaa. Mama akikanyaga, analala. Mama akisimama kukata uzi, anafumbua jicho moja. Cherehani ikinyamaza kabisa, anaamka na kilio cha kuwatoa majirani nje. Nilipotaka kumlaza mchana ili nifanye kazi zangu za shule, nilimwomba mama ashone chochote, hata tambara la jikoni.

Sasa Bobini alikuwa amekua, amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji katika mji mkubwa ng'ambo, na safari ilikuwa imekaribia.

Mji ule mama aliujua kabla yetu. Alipokuwa na umri wa Bobini alichaguliwa kwenda hukohuko kujifunza kukata nguo. Pasipoti alikuwa ameshapata. Kisha babu akafariki ghafla, na mama ndiye alikuwa kifungua mimba, na nyuma yake palikuwa na wadogo wa kulishwa, wa mwisho bado anatambaa. Huyo wa kutambaa ndiye mjomba wetu, ambaye leo ana kitambi na miwani.

"Wewe uliikojolea pasipoti yangu," mama humtania.

Sote hucheka, na mjomba hucheka pia, ila yeye huwa wa mwisho kuanza.

Zaidi ya pasipoti, kilichobaki cha safari ile ya mama kilikuwa ukurasa mmoja wa kalenda. Ulikuwa umebanwa kwa pini ukutani mbele ya cherehani, umepauka mpaka rangi zote zimekuwa za chai. Unaonyesha kichochoro chenye paa la kioo, na pande zote mbili maduka ya vitambaa, majora yamepangwa mpaka juu. Mama alikuwa akinyanyua macho kutoka kwenye sindano anatazama pale, kama mtu anavyotazama dirishani.

Jioni ya kuagana alimwita Bobini.

"Huu mtaa unitafutie. Ukifika usikimbilie chuo kama nyumba inaungua. Masomo yanaanza wiki ijayo, hayatakuacha. Tembea kwanza, uniangalizie mji wangu."

"Mama, mji una watu mamilioni. Nitauliza nani, mtaa wa kalenda uko wapi?"

"Una mdomo. Na ukikosa mdomo una miguu."

Ugonjwa hakumwambia. Mimi na mjomba alitukalisha jikoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Atakayemwambia Bobini, asije kunizika." Bobini angejua, asingepanda ndege. Na asipopanda, nafasi ile angepewa mwingine. Mama hakutaka kuona pasipoti ya pili ikilala kabatini.

Koti halikuwahi kuisha. Kiwiliwili kilikuwa tayari, na bitana yake ndani. Mikono ilikuwa imekatwa lakini haijashonwa, na kola haikuwepo, kwa sababu kitambaa kilikwisha. "Litafuata," mama alisema. Bobini akaondoka na sweta la mtumba lenye picha kifuani ya mnyama mwenye pembe ambaye hakuna kati yetu aliyemjua jina.

*

Alipiga simu kila alasiri. Mtandao haukuruhusu kuonana, sauti tu, na mama alisema ni afadhali. Wakati huo alikuwa amekonda haraka, shingo imekuwa ya ndege.

"Mama, huku hawasalimiani! Leo nimemwamkia mzee mmoja kwenye lifti. Akashika mkoba wake."

"Ulimwamkia vipi, kwa kufoka?"

"Shikamoo ya kawaida, mama, nimeigeuza tu kwa lugha yao."

"Mwache. Kesho mwamkie tena. Atazoea."

Alituambia kuhusu ngazi zinazotembea zenyewe, mtu amesimama tuli anapandishwa, na bado watu wanazipanda mbio. "Wana haraka ya kufika kusubiri," mama akasema. Alituambia kuhusu treni za chini ya ardhi. Siku ya kwanza aliingia shimo moja, akatokea shimo la pili, la tatu, na kila akitokea juu anakutana na duka lilelile la miwani. "Mwenye duka amenipungia mkono, mama. Ndiye mtu wa kwanza kunisalimia mji mzima." Alituambia jua lipo lakini ni la picha, halichomi. Na chumba chake kina dirisha moja linalotazama ukuta wa matofali, na kwenye ukuta ule kuna dirisha jingine, na ndani yake kuna paka anayemtazama yeye.

Mama alicheka mpaka akakohoa, nikamshikia kikombe. Simu ikikatika alikuwa akifumba macho na kuniambia, "Nisimulie tena ile ya mashimo." Nami namsimulia. Naongeza na chumvi kidogo.

Kisha siku moja Bobini akauliza, katikati ya habari za daraja refu alilovuka kwa miguu huku upepo ukitaka kumvua sweta:

"Mama, mbona sisikii cherehani?"

Mama alikuwa amelala chali. Hakuwa ameketi kwenye cherehani tangu juma lililopita.

"Leo nakata, sishoni," akajibu bila kusita.

Simu ilipoisha akaniangalia. "Kesho akipiga, wewe kaa pale ukanyage."

"Mama, mimi sijui kushona."

"Nani kakwambia ushone? Kanyaga tu. Hata mbuzi anaweza."

Ni kweli sijui kushona. Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, na mama husema mkono wangu ni wa karatasi, nikipewa suruali naitoa sketi. Lakini kukanyaga nilikanyaga. Kitanda cha mama tulikisogeza sebuleni karibu na cherehani, na kila alasiri yeye anaongea, mimi nakanyaga, miguu yangu ikitafuta mwendo wake. Sikutia kitambaa. Niliogopa kuharibu kitu.

Mjomba alikuja akatukuta hivyo. Alisubiri simu iishe, akavua miwani.

"Dada, mtoto aambiwe. Hii ni michezo gani?"

"Mwambie. Halafu uende wewe ukaniangalizie mji."

"Atakuja kutulaumu sisi. Wewe hutakuwepo."

"Ndiyo faida yake," mama akasema.

Mjomba alitoka nje. Nilimfuata, nikamkuta ameegemea ukuta, anafuta miwani kwa shati ingawa haikuwa na uchafu. "Maisha yake yote amekaa hapa kwa ajili yangu," akaniambia. "Sasa ananifunga mdomo nisimrudishie hata mtoto wake." Na mimi nilitaka Bobini aambiwe. Nilimwona mama akipungua kila siku, nikamwona mdogo wangu akipanda na kushuka mashimo kule, anacheka, na niliona siku inayokuja ambayo nitalazimika kumpigia mimi. Bobini asiyejua asingeagana na mama yake. Bobini anayejua angerudi, na mama angekufa akimwona ameketi pembeni ya kitanda na nafasi imepotea. Kila nilipolipindua jambo lile, lilinikalia upande wa makali.

*

Ujumbe ulikuja kwenye simu yangu nikiwa kazini, natoa kopi za vyeti vya mtu. Ulikuwa wa sauti, wa kwangu peke yangu. Nyuma ya sauti yake palikuwa na magari na upepo.

"Dada. Cherehani ya jana haikuwa na kitambaa."

Honi ikalia nyuma yake, ikapita.

"Ikiwa na kitambaa inameza. Ile ilikuwa inapiga chuma kwa chuma. Na haikusimama hata mara moja. Mama husimama, akakata uzi kwa meno, akavuta pumzi, akaendelea. Dada, ni nani alikuwa kwenye cherehani?"

Mwenye vyeti aliniuliza kama mashine imekwama. Nikasema ndiyo. Nikatoka nje, nikampigia Bobini, na nilipomsikia akisema "haloo" nikashindwa kudanganya. Nikamwambia yote, nimesimama kando ya mfereji. Hakulia. Alipumua tu, kama mtu anayepanda ngazi ambazo hazitembei.

"Ana muda gani?"

"Daktari hasemi. Lakini mimi namwona."

"Kibali changu cha kukaa hakijatoka. Nikitoka sasa siruhusiwi kuingia tena. Nimeuliza leo asubuhi, kabla sijakutumia ujumbe. Niambie nije, dada. Niambie tu, nitakuja."

Hilo ndilo jambo ninalolisikia mpaka leo nikiwa nafagia au nimekaa tu. Niambie nije.

"Siwezi kukwambia uje," nikasema. "Na siwezi kukwambia usije. Wewe ni mtoto wake kama mimi."

Magari yalipita kwake. Magari yalipita kwangu.

"Kalenda ile ipo bado ukutani?"

"Ipo."

"Ipige picha unitumie. Karibu sana, hata maandishi ya vibao yaonekane."

*

Kesho yake alipiga mapema kuliko kawaida. Mjomba alikuwepo, ameketi kwenye kigoda. Mama alikuwa hajala kitu, lakini alipoona simu akaniashiria nimwinue kwa mito. Nikaiweka simu juu ya shuka kifuani pake, nikaenda kwenye cherehani, nikaanza kukanyaga.

"Mama, niko njiani naelekea mtaa wako."

"Umeupata?"

"Nimemwonyesha picha yule mwenye duka la miwani. Akaita mke wake, mke akaita jirani. Wamebishana kama wako msibani. Mwishoni jirani akanichorea ramani kwenye kiganja."

Mama akatabasamu. Halafu akainua mkono, akauelekeza kwangu.

"Acha. Unaniharibia mashine."

Nikaacha. Nyumba ikawa kimya, na kule ng'ambo nako pakawa kimya, viatu vya Bobini tu vikigonga lami.

"Mtoto keshajua," mama akasema. "Leo hajauliza cherehani."

Mjomba aliinamisha kichwa.

"Najua, mama," Bobini akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Nataka kuja."

"Uje kufanya nini?"

"Kukuona."

"Ukija utakuta kaburi. Kaburi halina haraka, mwanangu, litakusubiri mpaka umalize. Mtaa huo ndio usiosubiri. Uko wapi sasa?"

Tulisikia akipenga kamasi. Tulisikia taa za kuvukia barabara zikilia kwa mlio wao wa kudonoa, kisha viatu tena. Mama alisubiri. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kutungia uzi sindano.

"Nimeingia, mama. Paa ni la kioo kweli. Lina vumbi, lakini mwanga unapita."

"Majora?"

Hapo Bobini alichelewa kidogo. Picha ya pale alinitumia baadaye, nami sijamwonyesha mtu. Maduka karibu yote yalikuwa ya simu na viatu vya raba, na upande mmoja ulizibwa kwa mabati ya ujenzi.

"Yamepungua, mama. Lakini lipo duka moja. Naliona. Liko mwisho kabisa."

Hakumdanganya. Namshukuru kwa hilo.

Kengele ya mlango ililia. Tukasikia sauti ya mzee mwenye kikohozi tele, na Bobini akieleza jambo kwa lugha ile, polepole, na mzee akiuliza, na Bobini akirudia. Kisha tukasikia jora likigeuzwa juu ya meza, dufu, dufu, dufu, na nikaona vidole vya mama vinasogea kwenye shuka.

"Shika," akasema. "Kinakwaruza?"

"Kidogo. Kama shavu la mjomba."

Mjomba akajishika shavu.

"Kizito?"

"Kizito. Rangi ya majivu."

"Mwambie akate. Kipande cha kola tu. Upana wa kiganja, urefu wa mkono wako mpaka kwenye kiwiko. Na simu uiweke mezani."

Akaiweka. Mkasi ukaingia kwenye kitambaa. Sote watatu tuliusikiliza. Ulikuwa mlio mzito, mtaratibu, bila kusita, kama mtu anayetembea kwenye nyasi ndefu. Mama alifumba macho.

"Sufu," akasema. "Sufu tupu, haijachanganywa. Na huyo mzee anajua kazi, mkasi wake haurudi nyuma." Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, "Angenifundisha mimi, huyo."

Hapo ndipo mjomba aliposhindwa. Alishuka kwenye kigoda akapiga magoti kando ya kitanda, kitambi na miwani na yote, akalaza paji la uso kwenye mkono wa dada yake. "Nisamehe," akasema. Mama akampapasa kichwani.

"Nyamaza wewe. Ulikuwa unatambaa. Unanifanya nisisikie."

Waliendelea kuongea, mama na Bobini, mpaka chaji ikakaribia kwisha. Walizungumza vitu vidogo. Mama alimwambia asilale na nywele mbichi. Alimwambia kola ishonwe kwa mkono, si kwa mashine, mshono uwe mfupi. Alimuuliza paka wa dirishani anaendeleaje. Mwisho Bobini akasema, "Mama, kesho nikupeleke wapi?" na mama akasema, "Popote. Ila pasiwe na mashimo."

Alimpeleka sokoni. Siku iliyofuata alimpeleka kwenye bustani ambako watu wanalala juu ya majani bila kuumwa. Siku baada ya hiyo mama hakuweza kujibu, akasikiliza tu, na Bobini akajua, akaendelea kutembea na kusimulia.

Mama alifariki mchana, nimetoka kuanua nguo. Niliporudi na shuka mikononi nilisimama mlangoni, na kwa muda nikangoja aniambie namzibia mwanga.

Bobini hakuja. Tulimzika mimi, mjomba, majirani na wateja wake, wengi wao wamevaa nguo alizowashonea yeye. Nilimtazama mtu mmoja mmoja, nikaona mama amesimama kila mahali pale makaburini.

*

Wageni walipokwisha kuondoka, Bobini alipiga.

"Dada, koti liko wapi?"

"Liko palepale. Mikono haijashonwa."

"Ishone."

"Bobini, mimi nitaliharibu."

"Liharibu. Weka kitambaa, niache nisikie."

Nikatunga uzi. Ilinichukua mara nyingi, macho hayakuwa na msaada. Nikalaza mkono wa koti begani kama nilivyomwona mama akilaza, nikaweka simu karibu na sindano, nikakanyaga. Cherehani ikameza.

"Taratibu," Bobini akasema. "Unafika kwapani. Mama hupunguza hapo."

Nikapunguza.

"Umetoka nje ya mshono."

"Umejuaje?"

"Imebadilika sauti. Rudi."

Nikarudi. Tulikwenda hivyo, yeye akisikiliza, mimi nikikanyaga, mpaka mkono wa kwanza ukashika, kisha wa pili. Mwishoni niliinama nikakata uzi kwa meno, na nikasikia kwenye simu Bobini akianza kulia. Sikuikata. Nilikaa nayo mpaka yeye mwenyewe akaniambia nikapumzike.

Koti alilichukua msafiri mmoja, mteja wa zamani wa mama. Bobini akanitumia picha amelivaa, amesimama kwenye kichochoro cha paa la kioo. Kola ya rangi ya majivu haifanani na koti, na mkono wa kushoto umekuwa mrefu kuliko wa kulia. Nyuma yake watu wanapita na haraka zao. Hatabasamu, lakini amelifunga mpaka juu.

Picha ile nimeibandika ukutani kando ya kalenda. Cherehani sijaiuza, ingawa wameshakuja wa kuiulizia. Nikifuta vumbi huwa naikanyaga kidogo, mafuta yasigande. Ila kabla ya kukanyaga natia kitambaa kwanza, hata tambara la jikoni.